Mtu Atakayekupokea Johannesburg

Aika mwanangu,

Sweta ziko chini kabisa ya begi, dawa ziko mfuko wa pembeni, na shangazi yako amekuandikia majina ya watu wa kanisani kule. Hayo sitayarudia. Umeenda Ilala kumuaga, utarudi kabla ya chakula, kwa hiyo nina kama saa mbili za kukuambia jambo moja ambalo nimelikwepa tangu uliponionyesha barua ya kazi.

Bosi atakayekupokea kesho uwanja wa ndege, anayesaini barua zako kwa jina la Bi. Mehta, ni Hansa. Ndiyo, Hansa wetu, binti wa Mzee Jayanti, aliyekuwa akikusuka nywele kwenye ngazi juu ya duka. Mehta ni jina la mumewe. Anajua wewe ni mtoto wa nani. Alijua kabla hujapewa kazi.

Nilikuambia kwamba waliuza duka wahame kwa sababu Mzee alitaka kukaa karibu na ndugu zake. Nilikudanganya. Walihama kwa sababu yangu.

Unakumbuka duka lile karibu na Msimbazi, lakini hukumbuki nilivyolifikia. Nilitoka Marangu na wewe mgongoni kumfuata baba yako, nikamkuta Magomeni na mwanamke mwingine amevaa kanga yangu ya harusi. Baba yako hakuona hata aibu. Alisema, "Ungeandika kwanza kabla ya kuja." Siku ya tatu nikaingia Kariakoo kutafuta kazi. Maduka kumi yalinifukuza kwa sababu ya mtoto. La kumi na moja lilikuwa la Mzee Jayanti. Aliuza saa na tochi, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupanga zile saa nane zilizobaki kwa nafasi ili rafu ndefu isionekane tupu. Bidhaa hazikuwepo miaka ile. Mteja akiingia tulimkaribisha kama mgeni, kwa sababu cha kumuuzia hatukuwa nacho.

Ndipo serikali ikalegeza. Ukiwa na fedha zako za kigeni, leta unachotaka, hakuna atakayeuliza ulizitoa wapi. Mzee akaenda Dubai. Akarudi na sabuni, betri, soksi, na katoni moja ya vitu vidogo vya kushika mkononi, vyenye kioo cha kijivu na vitufe vinne. Ndani ya kioo kijitu cheusi kilikimbia huku na huku kukwepa mawe. Mkewe alizungusha kimoja mkononi akauliza, "Watu wanatafuta sabuni ya kuogea, wewe unawaletea midoli?"

Mimi nilichukua kimoja nikaenda nacho Mnazi Mmoja saa saba mchana, makarani wanapotoka maofisini kupumzika. Nikakaa kwenye nyasi nikacheza. Haikupita muda, kaka mmoja mwenye tai akasogea.

"Dada, hicho nini?"

"Kitu cha mtoto tu."

"Hebu nione."

Nikampa. Wenzake wakamzunguka, wakawa wanapiga kelele kila jiwe likianguka. Nikangoja mpaka mawe yalipoanza kwenda kasi, mpaka jasho likamtoka puani. Hapo nikakichukua mkononi mwake.

"Samahani kaka, narudi kazini."

"Dada! Nilikuwa nakaribia!"

"Dukani kwetu vipo. Msimbazi, ulizia kwa Jayanti wa saa."

Jioni ile alikuja na wenzake wawili. Nilimsimulia Mzee nikitegemea sifa. Akanisikiliza huku akifuta kioo cha saa kwa kitambaa, akasema, "Umemuuzia. Lakini umemnyang'anya kwanza. Atarudi mara moja tu." Halafu akaniambia kesho yake nisiende Mnazi Mmoja. Niende kwa vinyozi, kwa mafundi cherehani, kwa wenye vibanda vya video, mahali popote ambapo watu hukaa wakingoja. "Mtu anayengoja ndiye mteja wa kitu hiki," alisema. "Na mwenye mahali pa kungojea ndiye mtu wetu." Wewe umekaa chuo miaka mitatu kulisoma jambo hilo. Mimi nilipewa kwa sentensi mbili na mtu aliyekuwa akifuta saa, na nilidhani ananikosoa kwa kuwa ni mzee mwoga.

Gemu za televisheni zilipoingia, zile za kaseti, tulifungua vibanda. Mzee alitoa mashine, mwenye kibanda alitoa chumba na umeme, mapato wanagawana. Lakini mwezi wa kwanza Mzee hakuchukua kitu. Nilimwona akimwambia Bwana Saidi wa Buguruni, "Mwezi huu vyote vyako."

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Mzee, akitukimbia je?"

"Tutakuwa tumemjua."

"Na asipokimbia?"

"Tutakuwa tumempata."

Saidi hakukimbia. Sikukuu moja mashine yake ilikufa asubuhi, kibanda kimejaa watoto na nguo zao mpya. Mzee alifunga duka, akatia mashine nyingine kwenye kikapu cha mkewe cha sokoni, akaipeleka Buguruni mwenyewe. Nilikuwa naye. Nilihesabu wateja tuliowapoteza kwa kufunga duka siku ile. Yeye alikaa chini na watoto, akafungwa goli sita na mtoto wa miaka minane, akacheka mpaka akavua miwani.

Huku juu ngazini Hansa alikuwa ananifundisha Kiingereza. Hatukuwa na kitabu. Tulisoma vikaratasi vya maelezo vilivyokuja ndani ya maboksi ya gemu. Nilijua kusema "Bonyeza kitufe chekundu ili kuanza" kwa Kiingereza kabla sijajua kusalimia. Nikikosea alicheka, lakini hakuwahi kunicheka mbele ya mtu. Alikuwa na hamu ya kwenda kusoma nje, na kila jioni aliacha vitabu vyake saa nzima kwa ajili yangu.

Nawe ulikuwepo. Hili najua unalikumbuka, ingawa hujawahi kulitaja. Ukiwa na miaka saba nilikuweka kwenye stuli mlangoni, nikakupa gemu ucheze ili wapita njia wakuone. Ulikuwa mzuri sana, watu walisimama. Mteja akitaka, nilikunyang'anya ile ile uliyoshika, katikati ya mchezo, nikamfungia. Mzee akiwepo alimwambia mteja, "Ngoja mtoto afe kwanza," na mteja akashtuka mpaka aelezwe kwamba ni kufa ndani ya gemu. Asipokuwepo sikungoja. Siku uliyolia nilikuvuta nyuma ya pazia nikakuambia machozi yanafukuza wateja, na nikakubana mkono mpaka ukanyamaza. Hukulia tena mbele ya mtu. Hata kwenye msiba wa bibi yako hukulia. Waliokuhoji kwa kazi hii wameandika kwamba wewe ni mtulivu. Wewe si mtulivu, Aika. Wewe ulibanwa mkono.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja Mzee alipopata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukaenda kando, maneno yakawa hayatoki. Daktari alisema kwa umri wake atapona na kuongea tena, apewe miezi michache. Lakini wiki ile ile mwenye mali wa Dubai, aliyetuuzia gemu, alituma ujumbe: anataka wakala mmoja tu kwa Tanzania nzima, na atakayetokea mbele yake kwanza ndiye atakayempa. Hansa hakuweza kumwacha baba yake. Alinipa tiketi, akanipa bahasha iliyofungwa yenye barua ya Mzee, akanishika mabega.

"Dada, nenda wewe. Wewe ni sisi."

Nilifika. Mwenye mali alikuwa mtu mnene, mpole, ana tasbihi mkononi. Alinimiminia kahawa akauliza habari za rafiki yake. Nilikuwa nimeshafungua zipu ya mkoba nitoe bahasha. Akauliza, "Jayanti anaweza kuongea?"

Mwanangu, nimelirudia swali hilo maisha yangu yote. Nilitoa mkono kwenye mkoba. Nikasema, kwa Kiingereza alichonifundisha Hansa, "Hawezi kuongea."

Haukuwa uongo. Siku ile alikuwa hawezi. Sikusema ataweza. Sikusema ana binti mwenye akili kuliko mimi na yeye. Nilinyamaza, nikatazama kahawa, nikamwachia yule mtu ajaze mwenyewe yaliyobaki.

"Masikini," akasema. "Sasa nani anaendesha?"

"Mimi."

"Basi niandike jina la nani?"

Nikamtajia herufi za jina langu moja moja ili asikosee.

Bahasha niliitupa kwenye pipa la takataka la hoteli bila kuifungua. Nilijiambia sitaki kujua. Niliporudi sikwenda Msimbazi. Nilikuwa nimeshapata chumba cha duka mtaa wa pili, na Hansa aliijua habari kwa mchukuzi aliyekuwa akishusha katoni zenye jina langu mlangoni kwangu.

Nilimngoja aje anitukane. Hakuja. Aliyekuja, baada ya miezi minne, ni Mzee mwenyewe, na fimbo, akivuta mguu. Duka langu lilikuwa limejaa. Watu wote Kariakoo walijua, na wote wakageuka waone. Mzee akatazama rafu, akatazama meza ya nje nilipopanga gemu ili zing'ae. Akainua moja kwa mkono wa kushoto, akaihamishia kivulini, akaongea polepole, kila neno likimgharimu.

"Usiweke juani. Kioo kitakufa."

Akageuka akaondoka. Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nao. Nilisema kwa sauti, ili aliyeko mlangoni asikie, "Mzee bado anadhani mimi ni mfanyakazi wake." Alisikia. Mgongo wake ulisimama kidogo, halafu ukaendelea.

Hilo ndilo baya kuliko Dubai. Dubai nilikuwa na njaa ya kupata. Pale mlangoni nilikuwa nimeshapata.

Bila gemu mpya vibanda vyake vilihamia kwangu kimoja kimoja. Mwaka uliofuata aliuza duka, na kabla ya safari yao akafa. Nilikwenda msibani nimevaa nyeupe kama wao. Hansa alinikuta kwenye ngazi zile zile, chini kabisa. Hakupandisha sauti.

"Dada, umekuja kuhakikisha?"

Nikaondoka. Jioni ile wewe uliniuliza kwa nini hukuitwa kumuaga babu Jayanti, nikakujibu kwamba Wahindi hawataki watoto misibani. Nilimpakazia hata maiti.

Umekula, umesoma, umevaa kwa ajili ya jina lile lililoandikwa Dubai, sitajifanya vingine. Nyumba hii tunayokaa ilitoka humo. Ulipokuwa sekondari ulidhani mama yako ni mfanyabiashara hodari. Unakumbuka mwaka tuliohamisha duka kwenda chumba kidogo? Nilikuambia ni sababu ya gemu bandia. Bandia zilikuwepo, lakini hazikuniua. Yule mtu mpole wa Dubai alimpa uwakala mtu mwingine. Sikupigiwa hata simu. Nilikuwa nanunua vitunguu nikaona mkokoteni umebeba katoni zangu, nikaufuata ukaingia duka la mtu nisiyemjua. Nilipompigia simu Dubai aliniambia, bila ukali, "Mama, hukunionyesha siku ile kwamba biashara hii inafanywa hivi?"

Nikakimbilia vibandani. Nilimwomba Bwana Saidi aniwekee mashine zangu za zamani, anipe nafasi mwezi mmoja tu nitafute mali kwingine. Alikuwa mkarimu, akanipa kiti, akaagiza soda. Kisha akasema, "Mzee Jayanti alivyougua nilimngoja miezi mitano, mashine zimezimwa. Niliacha kumngoja ulipokuja na mali yake. Wewe sitakungoja, dada. Nawe unajua kwa nini." Nikanywa soda yake mpaka ikaisha kwa sababu sikujua nitasimamaje.

Unaenda kufanya kazi ya kukaa mbele ya wakuu wa kampuni za simu, nchi baada ya nchi, uwashawishi waweke gemu za kampuni yenu kwenye simu za watu wao. Watakuuliza maswali yenye nafasi ndani yake, kama lile la Dubai, na hakuna atakayekuona ukinyamaza. Nilidhani kazi yetu ni kujua la kusema. Miaka yangu yote ya faida ilitoka kwenye neno nililolimeza, na miaka yangu yote ya hasara pia. Siwezi kukuambia ufanye nini. Sina haki hiyo. Nakuambia tu kwamba nafasi ile ni tamu, na utaijua ikifika kwa jinsi mkono wako utakavyotoka wenyewe kwenye mkoba.

Sasa nikuambie la mwisho. Wiki mbili zilizopita, siku moja kabla ya barua yako ya kazi kufika, simu ya dukani ililia.

"Dada."

Niliijua sauti kabla hajamaliza. "Hansa?"

"Fomu ya Aika iko mbele yangu. Ameandika jina lako. Waliomhoji huko wanasema habahatishi wala hababaiki."

"Ni kweli."

"Uliyemfanya hivyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilisikia akifungua karatasi. "Nitamchukua," akasema. "Nitamfundisha kazi kama baba alivyokufundisha wewe. Nitampa wateja, nitampa majina, nitampa kila kitu."

"Halafu?"

"Halafu nitakaa nimwangalie."

Nilitaka kumwambia kwamba wewe si mimi. Sikuweza, kwa sababu sijui. Hapo akaniuliza kama niliisoma barua ya baba yake. Nikamwambia ukweli, kwamba niliitupa. Kicheko alichocheka, mwanangu, usije ukakisikia kwa mtu.

"Niliiandika mimi," akasema. "Baba hakuweza kushika kalamu. Alinionyesha herufi moja kwa kidole cha mkono wa kushoto, akapumzika, akanionyesha nyingine. Ilituchukua usiku mzima. Kwa hiyo hujui alikuwa anakuombea nini kule."

"Aliniombea nini, Hansa?"

"Nitamwambia Aika. Siku nikiona anafaa kujua." Akakata simu.

Ulipokuja mbio na barua yako, ukaruka ruka sebuleni, nilikukumbatia nikanyamaza. Ningeweza kusema siku ile. Kulikuwa na ile kazi ya benki, hukuwa umeikataa bado. Nilinyamaza wiki mbili kwa sababu nilitaka uende. Nilitaka jina letu liingie tena kwenye biashara hii kwa mlango wa mbele, na nilikuwa tayari kukutanguliza wewe bila kukuambia nani amekaa ndani. Kwa hiyo usinihurumie unaposoma habari za Dubai kana kwamba ni za zamani. Nimefanya tena, na safari hii nimemfanyia mtoto wangu.

Huenda Hansa ni mwema kama baba yake na atakulea. Huenda amengoja miaka yote hii apate kitu changu mkononi. Nimejaribu kumsoma kwenye ile simu na nimeshindwa, mimi niliyejisifu kwamba nawasoma watu. Akikuambia mama yako ni mwizi, usinitetee. Mwambie ndiyo. Usijaribu kulipa kwa unyenyekevu pia. Hukuiba wewe, na ukijikunyata mbele yake atakudharau, na atakuwa na haki.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuitia barua hii kwenye begi lako la mkononi, katikati ya pasipoti na biskuti, uikute ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kushuka. Nilikuwa nimeshatafuta bahasha. Hivyo ndivyo nilivyozoea, mwenzangu ajue wakati hawezi tena kukataa. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona mkono wangu unafanya nini.

Nimempigia yule dada anayetuuzia tiketi. Anasema ukimwambia kabla ya saa mbili asubuhi, anaahirisha. Watu wa benki sijui, lakini unaweza kuwauliza mwenyewe.

Nasikia sauti yako nje, unasalimiana na jirani. Sitaifunga kwenye bahasha. Nitaiweka kwenye sahani yako kabla sijapakua wali, na nitakaa upande wa pili wa meza mpaka umalize.

Umemaliza. Inua macho, Aika, uniambie.

Mama yako